Nyota Tatu za Mama Mdogo

Jumapili moja mama mdogo alinipa simu yake nimwambie maana ya neno moja. Tulikuwa kwake Majengo, mlango wazi, chai ya tangawizi mezani, na mwadhini wa Riyadha alikuwa ametoka kuadhini alasiri. Mama mdogo hukanda wageni katika hoteli moja ya mashambani, ile aina yenye bustani pana, bwawa la maji moto na vyumba vilivyopewa majina ya wanyama. Ni mwendo wa saa tatu hivi kutoka Nairobi, ukibahatika kupata mat isiyosimama kila stage. Huja nyumbani siku nne kwa mwezi. Jina la hoteli sitalitaja, kwa sababu bado anauhitaji mshahara wake.

"Wewe ndiye umesoma Kizungu," akasema. "Hii 'clinical' ni nini?"

Kwenye simu kulikuwa na maoni ya mgeni. Nyota tatu kati ya tano. Alisifu mandhari, akasifu kiamsha kinywa, akalalamika kuhusu waifai, kisha akasema masaji aliyofanyiwa na mama mdogo, aliyemtaja kwa jina, ilikuwa "clinical".

"Wewe unadhani ni nini?" nikamrudishia swali, kama mtu mwoga.

"Si kama kliniki? Safi, ya mtu anayejua kazi." Akaichukua simu, akaitazama tena. "Lakini basi mbona nyota tatu?"

Nikamwambia angoje nikaangalie vizuri. Ulikuwa uongo. Nilijua maana yake palepale. Mtu akilitumia neno hilo kuhusu mikono ya mwenzake, anamaanisha baridi, bila moyo, kama kupimwa presha. Lakini pia nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka Hospitali ya Wazazi ya Pumwani, iliyoanzishwa mwaka 1926, ambapo mama mdogo alizaliwa, mimi nikazaliwa, na ukiwauliza wenzako ofisini huenda nusu yao walizaliwa huko pia. Kwa mtu wa mtaa huu kliniki ni mahali unapoenda na hofu na kurudi na mtoto mikononi. Ningemwambiaje kwamba mgeni alikuwa anamtukana?

Wiki hiyo nikasoma maoni yote ya hoteli ile, mia tatu na kitu, kutoka la kwanza hadi la mwisho, kama mtu anayesoma riwaya. Kazi yangu ni kuhariri maandishi ya watu, kwa hivyo nina ugonjwa wa kuona fasihi kila mahali. Na hii ni fasihi, wasee. Ina kanuni zake, ina wasomaji wengi kuliko mashairi yetu yote yakiwekwa pamoja, na tofauti na mashairi yetu, inaweza kumfuta mtu kazi. Ajabu ni kwamba hakuna anayeihakiki. Basi acha nijaribu.

Hadithi huwa ni moja. Inaanza barabarani: lami ikaisha, gari likagusa chini, tukadhani tumepotea. Kisha lango, askari anapiga saluti, na dunia inabadilika. Kuna taulo yenye joto na glasi ya maji ya matunda. Kuna chumba na mandhari yake. Katikati lazima kitu kiharibike, maana hadithi bila tatizo hainogi: nywele kwenye bafu, nyani aliyeiba mkate, waifai inayoshika tu ukisimama karibu na jikoni. Halafu spa, ambapo mwandishi husamehe yote au hukataa kusamehe. Mwisho ni hukumu: nitarudi, au sitarudi.

Nilipofika kama maoni ya hamsini nikaanza kuangalia vitenzi. Taulo zililetwa. Moto uliwashwa. Kitanda kilitandikwa tukiwa chakulani. Chai ilikuja. Unakumbuka mwalimu wa Kiswahili alivyotufundisha kauli ya kutendwa? Alisema ina nafasi ya mtendaji, inamngoja baada ya neno "na": kitanda kilitandikwa na fulani. Katika maoni haya nafasi hiyo karibu kila mara iko tupu. Ukisoma mfululizo unaanza kuona hoteli ambamo vitu vinajileta vyenyewe, kama kwenye hadithi za majini wa bibi zetu.

Usifikiri nawasema wazungu. Mwaka 2020 korona ilipowakata wageni wa nje, hoteli hizi zilitugeukia sisi, na tukaenda. Sasa majina mengi chini ya maoni ni ya kwetu. Sisi tunaandika kwa hasira zaidi, hasa kuhusu bei, kwa sababu tunajua kilo ya nyama ni ngapi. Na mimi mwenyewe nimo. Miaka michache iliyopita kazini walitupeleka Naivasha siku mbili, na usiku wa pili nikaandika maoni. Nimeyatafuta nikayapata. Mistari mitano. Nimesifu utulivu mara mbili na ndege mara moja. Hakuna binadamu hata mmoja ndani yake. Mtu anayehariri kwa kulipwa, mpwa wa mkandaji, ameandika kuhusu mahali penye wafanyakazi kibao kana kwamba alikuwa peke yake na korongo.

Kuna jambo nililisoma vibaya, nalo ni majina. Katika maoni ya hoteli ile kuna majina mengi ya kwanza: asante kwa huyu, shukrani kwa yule, tafadhali mpandisheni cheo fulani. Nikadhani hapo angalau moyo wa mgeni umefunguka. Nikampigia mama mdogo. Akacheka. Kila Jumatatu, akanieleza, meneja husoma maoni kwa sauti mbele ya wote. Jina lako likitajwa kwa nyota tano unahesabiwa, na mwisho wa mwezi mwenye hesabu kubwa anapata kitu kidogo. Likitajwa kwa nyota tatu unabaki nyuma mkutano ukiisha. Kwa hivyo wote wamejifunza kusema, mgeni akiwa anafunga kamba za viatu: "Kama umependa, jina langu ni fulani." Ile sentensi niliyoiona tamu kuliko zote ilikuwa imeombwa, na aliyeiomba alikuwa anatafuta fare ya kurudi nyumbani.

Haimaanishi kwamba zote ni bure. Kuna maoni moja ambayo ningeyachapisha gazetini leo. Mwanamke aliandika kwamba alifika wiki moja baada ya kumzika mamake, na katikati ya kukandwa akaanza kulia. Mkandaji aliacha, akamfunika shuka hadi mabegani, akaketi kwenye kigoda bila kusema neno, kisha akaleta maji ya kunywa. Mandhari hayatajwi. Chakula hakitajwi. Lakini ndiyo maoni pekee niliyoyasoma mara tatu, na sababu ni rahisi: ndani yake kuna watu wawili.

Tabia ya kumsahau mwenyeji haikuanza na simu. Maneno maarufu kuliko yote yaliyowahi kuandikwa na mgeni wa hoteli nchini Kenya yako katika kitabu cha wageni cha Treetops, kule Aberdare, na aliyeyaandika ni Jim Corbett, yule mwindaji wa chui na simba milia wa India aliyehamia Nyeri mwaka 1947 na kuishi katika nyumba ndogo kwenye uwanja wa Outspan. Usiku wa kuamkia Februari 6, 1952, alikuwa juu ya mti ule pamoja na Elizabeth na mumewe. Usiku huo mfalme akafa Uingereza. Corbett aliandika kuhusu binti mfalme aliyepanda mti na kushuka malkia, na tangu hapo kila mwongozo wa watalii umekuwa ukiyarudia.

Ni maandishi mazuri, sikatai. Ni mafupi na yanajua kitu kikubwa kimetokea. Lakini yasome kama mtu wa Pumwani. Nani alipika chakula cha usiku huo? Nani alibeba mizigo msituni, nani alitandika vile vitanda juu ya mti? Kuna mti, kuna msichana, kuna taji. Wengine ni giza. Miezi minane baadaye serikali ikatangaza hali ya hatari. Aprili 24, 1954, Operesheni Anvil ilianza Nairobi, na watu wa Eastlands wakatolewa majumbani, wakapangwa mistari, wakachujwa. Mwezi uliofuata wapiganaji wa Mau Mau wakaichoma Treetops. Sisemi waliichoma kwa ajili ya kitabu cha wageni. Nasema waliokuwa gizani katika maandishi ya 1952 walikuwepo wakati wote, na walikuwa na maoni.

Na hapa mtaani kwetu kuna kitabu kinachofanya kinyume kabisa. Luise White, mwanahistoria Mmarekani, aliwahoji wanawake wazee wa Pumwani miaka ya 1970, na mwaka 1990 akachapisha The Comforts of Home. Ni historia ya umalaya Nairobi wakati wa ukoloni, na najua kuna nyumba Majengo ambapo ukikitaja utaombwa ubadilishe mada. Lakini kisome. Serikali iliwataka wanaume waje mjini wafanye kazi kisha warudi kwao; wake na watoto wabaki kijijini. Mwafrika alikuwa mgeni katika mji alioujenga. Na wanawake wa Pumwani, waliokuwa na vyumba katika nyumba hizi za udongo na mabati ya debe, wakaona biashara: chumba safi, maji ya kuoga, chai, chakula cha moto, mtu wa kuzungumza naye kabla ya kurudi kwa tajiri asubuhi. Wengine wakajenga nyumba zao wenyewe kwa pesa hizo. Kila kitu ambacho hoteli ya mashambani inakuuzia leo kilishauzwa hapa, tena maji yakiwa yamebebwa kichwani.

Tofauti ni nani anasimulia. Katika kitabu cha White mwenyeji ndiye mwenye sauti. Anakuambia maji yalitoka wapi, chai iligharimu nini, mgeni gani alikuwa na adabu na yupi aliondoka bila kulipa. Yeye ndiye anayempa mgeni nyota. Ukisoma kitabu kile halafu ukarudi kwenye maoni mia tatu ya hoteli, ni kama mtu amezima redio katikati ya taarifa.

Najua unachofikiria, na mama mdogo pia anakijua. Amefanya kazi hii miaka kumi na moja, na bado kuna majirani wanaotamka neno masaji huku wakikunja midomo. Yeye hajifunzi kwa mzungu kukanda. Alifundishwa na somo mmoja wa mtaani aliyekuwa akiwaandaa bibi harusi: liwa, singo, mafuta ya nazi, siku saba ndani, mkono unaojua mfupa umeanzia wapi. Cheti cha chuo kilikuja baadaye. Hata neno analotumia ni kukanda, lilelile la unga wa chapati. Hotelini singo iko kwenye orodha ya huduma, imepewa jina refu la Kizungu na bei ya kodi ya nyumba. Kiswahili kwa jumla huko ni kama pambo. Kwenye maoni yote nilikuta maneno yetu manne tu: karibu, asante, pole pole, na lile la simba wa katuni. Lakini nyuma ya mlango wa jikoni, lugha inayoendesha hoteli nzima, inayosema taulo zimeisha na mgeni wa chumba cha Twiga ana mzio wa karanga, ni Kiswahili.

Kiswahili kina mawazo yake kuhusu mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone: yaani mgeni naye analeta kitu, mwenyeji anategemea kufaidika. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: yaani kuna siku mgeni anaacha kutazamwa na anaanza kushika kazi. Hoteli ya spa inakuuzia siku ya kwanza isiyoisha. Unalipa ili jembe lisifike kamwe. Hiyo sawa, watu wamechoka, nani asiyetaka? Shida inaanza pale mgeni anapopewa kalamu. Kuandika ndilo jembe pekee aliloachiwa, na wengi wetu tunalitumia kulimia mguu wa mtu.

Mwezi uliofuata mama mdogo alipokuja, nikamwambia ukweli.

"Ni kama kliniki kweli," nikasema, "lakini yeye alimaanisha vibaya. Anasema ulimkanda bila moyo, kama daktari anayepima mtu."

Nilikuwa nimejiandaa kumfariji. Yeye akamimina chai, akaongeza sukari, akakoroga.

"Namkumbuka," akasema. "Hakuwa mtu mbaya. Alitaka tupige stori." Akanywa kidogo. "Mwanangu, mimi nafunga mlango na mtu nisiyemjua, amevua nguo, taa ni hafifu. Nikicheka naye sana, anafikiria mengine. Nikinyamaza, sina moyo. Kwa hivyo miaka yote hii nimechagua kliniki. Naosha mikono mbele yake akiona. Namwambia naenda kushika wapi kabla sijashika. Kliniki hakuna mtu anayekuuliza upuuzi."

Nikanyamaza. Nilikuwa nimekaa mwezi mzima na neno lile kama mtu aliyebeba habari ya msiba, na wakati wote nilikuwa nimelisoma kwa kamusi ya mgeni. Alichokilalamikia mgeni kilikuwa ukuta, na ukuta huo alikuwa ameujenga mwenyewe, tofali kwa tofali, ili aweze kufanya kazi na kurudi nyumbani akiwa mzima. Maana yake ya kwanza, ile niliyoiona kuwa kosa la lugha, ndiyo iliyokuwa sahihi kuhusu kazi yenyewe. Safi, ya mtu anayejua kazi.

Hapo ndipo hukumu yangu kuhusu fasihi hii inaposimama. Maoni ya wageni si mabaya kwa sababu ni ya juu juu au yana makosa ya tahajia. Ni mabaya kwa sababu yanahukumu kazi bila kuiona, na kazi ya hoteli nzuri ni kuhakikisha huioni. Mgeni hana hatia ya kutojua. Ila meneja anajua, mwenye apu anajua, na sisi tunaotoka mitaa inayopeleka watu huko kukanda, kufua na kupika tunajua kabisa. Mkienda, na nendeni, maji ya moto ni raha, basi kabla hamjaandika ijazeni ile nafasi baada ya "na". Kitanda kilitandikwa na nani? Kama humjui, uliza. Na kama unayo malalamiko, mlalamikie mwenye hoteli kuhusu hoteli, na jina la mtu anayelipwa kwa mwezi uliache nje ya nyota zako.

Mama mdogo aliuliza kama na yeye anaweza kuandika mahali. Nikamwambia apu haina nafasi ya mwenyeji, ila meneja, ambaye huwajibu wageni wote kwa aya moja ileile. Akatikisa kichwa. Nikamuuliza Jumatatu ile ya nyota tatu ilikuwaje.

"Nilibaki nyuma. Nikaambiwa niongeze tabasamu."

"Ukasema nini?"

"Niseme nini? Nikasema sawa." Kisha akaweka kikombe chini. "Lakini hebu niambie wewe uliyesoma. Mgeni amelala kifudifudi. Uso ameuingiza kwenye lile tundu la kitanda, anaangalia sakafu saa nzima. Hilo tabasamu langu ataliona wapi?"

Tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta.